Tela la boksi kwa gari la zamani: yanayosemwa kijiweni Tabora na hali halisi

Wenye magari ya zamani Tabora si wengi, ila wapo: Peugeot 404 ya urithi wa baba, Land Rover 109 iliyotumikia misheni, Volkswagen Beetle inayotolewa siku za harusi tu. Mtu akinunua gari kama hilo Dar es Salaam au Arusha na hataki liguse lami mpaka lifike nyumbani, huanza kuulizia tela la boksi, lile lililozibwa pande zote na juu. Ushauri wa kijiweni nao hauchelewi, na karibu wote unahusu boksi: limepigwa rangi gani, mabati yake mazito kiasi gani. Kwangu mimi hayo ni ya mwisho kabisa.

“Hilux inavuta chochote”

Kuvuta inavuta. Kusimama ndiyo kazi. Pikapu nyingi za daraja la Hilux na Land Cruiser zimeandikiwa kuvuta kilo 750 tu iwapo tela halina breki zake. Likiwa nazo, kiwango hufika tani 3 au zaidi, kutegemea toleo. Sasa piga hesabu. Beetle ina kama kilo 800. Peugeot 404 hupita tani moja kidogo, na Land Rover 109 hufika tani moja na nusu au kuzidi. Tela la boksi la chuma, likiwa tupu, mara nyingi nalo hupita tani moja. Yaani hata hilo gari jepesi kuliko yote linakufikisha karibu tani mbili. Tela lisilo na breki usipoteze muda kulijadilia bei, hasa kama utashuka Sekenke ukitokea Singida huku mzigo wote unakusukuma kwa nyuma.

Breki zenyewe ziko za namna mbili. Za umeme zinahitaji kifaa cha kuziongoza ndani ya gari linalovuta, na usipokuwa nacho ni kama hazipo. Nyingine hujikaza zenyewe tela linapolisukuma gari la mbele. Ulizia pia waya wa dharura, ule unaokaza breki za tela endapo litachomoka njiani. Minyororo ya usalama ni lazima iwepo, na ipishane chini ya shingo ya tela ili ikichomoka shingo isichimbe barabara.

“Ingiza gari mpaka mwisho, funga mlango, twende”

Hapa ndipo watu huangusha matela. Sehemu ya uzito wote wa tela na mzigo, kati ya asilimia 10 na 15, inatakiwa ikae kwenye kichwa cha kuvutia, pale tela linaposhikana na gari la mbele. Uzito ukielemea nyuma, mkia huanza kucheza kushoto na kulia, na kila basi linalokupita kwa kasi kwenye tambarare ya Wembere huuongezea. Boksi lina ubavu mpana, kwa hiyo upepo hulipata zaidi kuliko tela la wazi.

Beetle ndiyo inayodanganya wengi, maana injini yake iko nyuma. Ukiiingiza kwa pua, injini inakaa karibu na mlango wa tela, kule kule usikokutaka. Igeuze iingie kinyumenyume, au isogeze mbele mpaka pikapu ididimie kidogo nyuma. Kwa uhakika, pima kwenye mizani. Mkia ukianza kucheza safarini, toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, wala usikanyage breki kwa pupa. Kama tela lina breki za umeme, zikaze hizo peke yake kwa mkono.

“Kamba ya katani inatosha, funga kwenye bampa”

Bampa ya gari la miaka ya 1960 ni pambo. Funga magurudumu yote manne au ekseli kwa belti za mizigo zenye kikazio, na ndoano zishike pete zilizofungwa kwenye fremu ya tela. Pete zilizopigiliwa kwenye mbao za sakafu zitang'oka. Soma lebo ya belti: uzito wa kukatika huwa mara mbili au tatu ya uzito salama wa kufungia, na muuzaji atakutajia ule mkubwa. Ukishapita rasharasha na matuta ya mwanzo, simama ukaze tena. Lazima zitakuwa zimelegea.

“Likifungwa, vumbi na unyevu haviingii”

Tela linapokimbia, hewa nyuma yake hupungua nguvu, na vumbi la changarawe hunyonywa kupitia upenyo wa mlango wa nyuma. Matundu ya hewa upande wa mbele husaidia, kwa sababu husukuma hewa safi ndani. Masika nayo yana lake: gari lililoloa, likifungiwa humo na kuviringishwa nailoni, hupata kutu upesi kuliko lililo chini ya turubai. Likaushe kwanza. Acha mafuta kidogo tu kwenye tangi, na toa waya wa betri, kwani mvuke wa petroli ndani ya boksi si wa kuchezea.

“Tairi zina kashata, bado mpya”

Tairi za tela huchakaa kwa kukaa. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 2316 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016.

“Likiingia, limeenea”

Likiingia, dereva atatokea wapi? Chukua futi upime upana kati ya matao ya magurudumu, kisha upime gari mlango ukiwa wazi. Baadhi ya matela yana kidirisha cha pembeni kinachoruhusu mlango wa gari kufunguka. Yasiyo nacho yanataka winchi ya kuvutia gari ndani bila mtu kukaa kwenye usukani. Angalia pia mlango wa nyuma unaolala kama daraja: ukiwa mfupi mwinuko unakuwa mkali, na bomba la moshi la Peugeot litakwaruza kabla gurudumu la nyuma halijapanda.