Kumwona bibi Krismasi wakati wa ugonjwa wa mlipuko

Katikati ya Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Moshi huanza kujaa, na haipungui hadi mkesha wa Krismasi. Wa Nairobi wanaingilia Namanga au Holili, wa Arusha wanasubiri siku ya mwisho kwa sababu wao wako karibu. Wote wanapanda mlimani Kilimanjaro: Rombo, Marangu, Uru, Kibosho, Machame. Huko juu yupo mtu wa miaka 75, 80 au 90 ambaye amekuwa akihesabu siku tangu Novemba. Ugonjwa unaosambaa kwa hewa ukiwa umetanda nchini, hakuna njia fupi ya kuufikisha kihambani, kwenye shamba la nyumbani la ukoo, kuliko safari hiyohiyo ya upendo.

Familia nyingi hujiuliza twende au tusiende. Ni swali zito, lakini likiishia hapo linaacha nje mambo yenye uzito zaidi: mtasafiri lini, mtalala wapi, mtakaa wapi mkifika, na nani abaki mjini mwaka huu. Makala haya yanazungumzia magonjwa ya aina ya UVIKO-19 na mafua makali ya influenza. Ebola na Marburg ni habari nyingine. Kwa hayo hatari iko kwenye kumgusa mgonjwa, majimaji ya mwili wake au maiti, na kufungua dirisha hakusaidii kitu.

Amri ya serikali na uamuzi wa familia

Mwaka 2020 nchi nyingi ziliamua kwa amri. Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi kuanzia Aprili hadi Julai. Uingereza ilipanga kuruhusu kaya tatu zikutane kati ya tarehe 23 na 27 Desemba, kisha tarehe 19 ikabadili uamuzi baada ya kirusi kipya chenye kasi kuenea: watu wa London na kusini mashariki wakazuiwa kukutana kabisa na kaya nyingine ndani ya nyumba, na sehemu nyingine za England zikabakiziwa siku moja tu. Hapa kwetu mgonjwa wa kwanza alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, shule zikafungwa, ila haikutoka amri ya kuwafungia wananchi wote ndani. Ikifika Desemba, kila familia ilijiamulia yenyewe.

Amri ikiwepo, ifuatwe bila kutafuta mwanya. Lakini amri huandikwa kwa ajili ya mamilioni ya watu, haijui kwamba figo za babu hazifanyi kazi vizuri au kwamba bibi analala chumba kisicho na dirisha. Watu kumi kuruhusiwa kukaa ndani hakuifanyi sebule yenye watu kumi kuwa salama. Na amri kutokuwepo hakumaanishi kwamba hatari haipo.

Kuna jambo moja katika kanuni za Waingereza ambalo linastahili kuigwa. Mtu mzima aliyeishi peke yake aliruhusiwa kujiunga na kaya moja tu, daima ileile, wakahesabiwa kama nyumba moja. Kwetu mlimani hili linafaa sana. Mzee anayeishi peke yake asiachwe peke yake. Achaguliwe mtoto mmoja au jirani mmoja wa kumletea dawa za presha, kuni na maji, na kumpeleka kliniki. Mtu huyo apunguze mizunguko yake mingine. Mzee asiyetembelewa kabisa husahau vidonge, hupunguza kula, na anaweza kudhoofika kwa jambo lisilohusiana hata kidogo na mlipuko.

Hesabu ya siku

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, tena kwa nia njema. Anayeambukizwa UVIKO-19 haambukizi wengine saa ileile. Virusi huhitaji siku kadhaa kuzaliana mwilini. Aina za Omicron huchukua kama siku tatu hadi dalili zitokee, aina za mwanzo zilichukua kama tano, na influenza huchukua siku moja hadi nne. Tatizo ni kwamba mtu huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajahisi chochote.

Sasa hesabu. Basi limeondoka Dar tarehe 22, viti vimejaa, vioo vimefungwa, abiria aliye nyuma yako anakohoa njia nzima. Unafika mzima. Tarehe 23 mzima, 24 mzima. Asubuhi ya Krismasi unamkumbatia bibi ukiwa huna hata kamasi, na hiyo inaweza kuwa mojawapo ya siku ambazo unatoa virusi vingi kuliko zote. Homa inakuja tarehe 26.

Anayeweza, asafiri kabla ya tarehe 18 na alale mahali tofauti na mzee kwa siku tano kamili: nyumba ya kaka, chumba cha uani, nyumba ya wageni mjini Moshi. Siku hizo si za kuzunguka baa na kwenye harusi, maana hesabu inaanza upya. Asiyeweza kupata siku tano aende, lakini ajichukulie kama mtu anayeweza kuwa na virusi: barakoa akiwa karibu na mzee, mazungumzo nje, na asilale nyumba moja naye.

Kipimo cha haraka kinachotoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 30 kinasaidia kikitumiwa vizuri. Kinaonyesha hali ya saa hiyo tu. Jibu la tarehe 20 halimlindi bibi tarehe 25. Mtu asiye na dalili apime mara tatu, kwa kupisha saa 48 kila mara, na kipimo cha mwisho kiwe asubuhi ya siku ya kumwona mzee. Mwenye mafua, koo linalowasha, kikohozi au homa asiende hata kama kipimo kimesema hana. Abaki mjini hadi siku kumi zipite tangu dalili zianze. Inauma, tunajua, hasa kwa aliyehifadhi nauli tangu Septemba.

Chanjo nayo ina hesabu yake. Mwili huhitaji kama wiki mbili kujenga kinga baada ya sindano, kwa hiyo mzee anayechanjwa tarehe 20 anaingia Krismasi akiwa bado hajapata faida yake. Lengo liwe kumchanja kabla ya tarehe 10 Desemba.

Chumba cha bibi usiku

Tungeruhusiwa kubadili jambo moja tu katika Krismasi ya mlimani, tungebadili malazi. Watu hujihadhari mchana, wananawa, wanakaa mbali, kisha usiku wajukuu watatu wanalala na bibi chumba kimoja. Chumba ni mita tatu kwa tatu. Dirisha ni dogo, limefungwa kwa sababu ya baridi, mvua ya vuli na hofu ya wezi. Shuka imeziba nafasi ya chini ya mlango. Wanapumua hewa ileile kwa saa nane. Mtoto mwenye virusi ambaye haumwi hata kichwa amekaa na bibi muda mrefu kuliko wageni wote wa sikukuu kwa pamoja.

Bibi alale peke yake, au na yule anayelala naye mwaka mzima. Wageni walale kwingine. Nafasi ikikosekana kabisa, dirisha liachwe wazi kiasi cha upana wa kiganja, na upande wa pili mlango uachwe wazi kidogo ili hewa iwe na pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha moja peke yake halivuti hewa ya kutosha. Bibi aongezewe blanketi.

Kuna njia rahisi ya kujua kama chumba kinapitisha hewa: washa ubani kidogo au zima mshumaa, uangalie moshi. Ukielekea dirishani na kupotea mara moja, hewa inatembea. Ukining'inia darini dakika baada ya dakika, pumzi za watu nazo zinaning'inia vivyo hivyo. Usifanye jaribio hilo mzee akiwa ndani, hasa mwenye pumu au kifua.

Mtu mwingine anayesahaulika ni dada wa kazi. Yeye ndiye anayeishi na mzee, na Krismasi huenda likizo kwao, akarudi Januari kwa basi lililojaa kama mengine. Naye anahitaji siku zake tano, alipwe siku hizo, na apatikane wa kushika nafasi yake.

Uani, mezani, kanisani

Mchana kaeni nje. Chini ya migomba au kwenye turubai lisilo na kuta; turubai lililoshushwa pande tatu ni chumba tu. Angalieni moshi wa nyama inayochomwa unaelekea wapi, kisha mwekeni mzee upande ambao upepo unamfikia yeye kwanza, wageni wakae upande unakoelekea. Viti vya kaya moja vikae pamoja, na kati ya kaya na kiti cha mzee iachwe nafasi ya mita mbili. Waje kwa zamu, kaya moja kwa nusu saa, badala ya ukoo mzima kujaa saa saba mchana. Mvua ikinyesha, varanda ni bora kuliko sebule.

Shikamoo haihitaji mkono. Watoto waelezwe mapema, tangu nyumbani, kwamba mwaka huu bibi anasalimiwa kwa mdomo na kwa kupungiwa. Mkiwaambia mlangoni watakuwa wameshamrukia.

Kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, kila mtu awe na kikombe chake chenye alama. Kata inayozunguka wazee watano inapita midomoni kwa watu ambao ugonjwa huu unawaumiza zaidi, na kileo kilichomo ni kidogo mno kuua virusi. Ndizi, mtori na nyama havina shida vyenyewe. Shida ni kwamba wakati wa kula kila barakoa iko chini na kila mtu anaongea. Mzee apakuliwe kwanza na ale umbali ule wa mita mbili. Kibuyu chirizi chenye sabuni kiwekwe njiani kabla ya kumfikia mzee, kisiwe nyuma ya jiko. Sekunde 20 za kunawa zinatosha.

Barakoa iliyoshuka chini ya pua haifanyi kazi. Ile ya hospitali ibanwe waya wa puani, pembeni pasiachwe mianya. Ya kitambaa ni afadhali kuliko kukosa, lakini kinga yake ni ndogo.

Kanisani, kuimba kwa sauti kubwa hutoa chembechembe nyingi kuliko kuongea. Mzee aende ibada isiyo na msongamano, akae karibu na dirisha au mlango, mbali na kwaya, na atoke kabla ya salamu za nje.

Mzee mwenyewe aulizwe

Mikutano mingi ya ukoo huamua kuhusu mzee bila mzee. Apigiwe simu, aelezwe hatari bila kutishwa, aulizwe anataka nini. Wapo watakaosema bora nife nimewaona. Kauli hiyo isipuuzwe, ni haki yake kuichagua sikukuu yake. Ila akumbushwe kwamba babu anayelala naye na binti anayemhudumia nao wamo katika uamuzi huo. Mara nyingi yeye mwenyewe hupata njia ya kati: waje wawili mwaka huu, wengine waje Pasaka.

Dalili ambazo watu huzikosa

Mzee anaweza kuugua sana bila homa. Angalieni kukataa uji, kulala mchana kutwa, kuchanganyikiwa ghafla, kuanguka. Hesabuni pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika nzima na saa mkononi: zikifika 30, ni hospitali sasa hivi. Kifaa cha kupima oksijeni kidoleni kikisoma chini ya 94, apelekwe aonwe. Chini ya 90 ni dharura. Kidole kiwe cha moto na kisicho na hina wala rangi ya kucha, na mkumbuke kwamba kwa ngozi nyeusi kifaa hiki wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi. Kama kinasoma 94 na mzee anahema, mwaminini mzee.

Nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke, haiui virusi vilivyo mwilini, na mzee mwenye mikono inayotetemeka anaweza kujimwagia maji ya moto. Kujifunika blanketi moja watu wawili ni kubadilishana pumzi. Antibayotiki hazifanyi kitu kwa virusi. Dawa ya deksamethasoni humfaa mgonjwa wa UVIKO-19 anayehitaji oksijeni tu, na ikitolewa bila mpango inaweza kupandisha sukari ya mwenye kisukari.

Panga usafiri kabla ya tarehe 24: gari la nani litashuka kwenye tope usiku, nani ana namba ya dereva, hospitali ya karibu ni ipi na kama ina oksijeni. Bahasha moja iwe na orodha ya dawa, kadi ya bima na kadi ya kliniki. Njiani mzee akalishwe wima, asilazwe chali.

Baada ya kurudi

Kwa siku kumi baada ya wageni kuondoka, mtu mmoja ampigie mzee kila siku na kumuuliza amekula nini, kwa sababu swali la "hujambo" litajibiwa "sijambo" siku zote. Na atakayeugua baada ya kufika Dar au Arusha apige simu nyumbani siku hiyohiyo, hata kama anaona haya kuonekana kuwa ndiye aliyeleta ugonjwa. Aseme mambo matatu: dalili zilianza tarehe ngapi, alikaa karibu na nani, na alilala chumba gani. Simu hiyo ikichelewa siku tatu, aliyebaki na bibi atakuwa ameshampeleka ibada ya Mwaka Mpya.