Dengue huanzia uani: maswali ya watu wa Ngamiani, Tanga

Mwaka 2019 homa ya dengue ilipoenea nchini, Tanga nayo iliguswa. Kila masika maswali haya hurudi.

Kupulizia dawa ya mbu si kazi ya halmashauri?

Ni kazi yake, na tuidai. Lakini mbu wa dengue, Aedes, hahitaji mtaro mchafu. Anapenda maji yaliyotulia, hata yakiwa safi, karibu na watu. Dawa inayopulizwa huua mbu wanaoruka, si viluwiluwi vilivyo majini. Kifuu ulichotupa nyuma ya jiko baada ya kukuna nazi kikinyeshewa usiku mmoja, kinamtosha. Baada ya siku chache chungulia: viluwiluwi vinajipinda juu ya maji, kivuli chako kikipita vinazama. Yai huwa mbu kwa siku 8 hadi 10 hivi, kwa hiyo ukague uani kila wiki.

Nikimwaga maji inatosha?

Haitoshi. Mayai hunata ubavuni mwa pipa, hukaa makavu hata miezi, maji yakirudi yanaanguliwa. Sugua kwa brashi, kisha funika.

Mtaa mzima unaingiaje?

Kwa kuulizwa, si kutangaziwa tu. Mama anayeweka maji ya akiba kwa sababu bomba hukatika hawezi kuambiwa ayamwage. Mwulizeni mfuniko gani utamfaa. Fundi pancha hatatupa matairi yake, ila anaweza kuyatoboa au kuyafunika turubai. Mambo haya yasemwe kwenye mkutano wa mtaa, na wao wawepo. Mpango uliopangwa bila wao naona haufiki hata wiki ya pili.

Majirani watatu wana homa, wamepima malaria haipo. Nimwambie nani?

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mwenyekiti wa mtaa, siku hiyohiyo. Au piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Usingoje uhakika, kuthibitisha ni kazi ya wataalamu.

Mgonjwa aende kituo cha afya, anywe vinywaji kwa wingi, na apewe parasetamoli. Asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, zinaweza kuzidisha kutoka damu. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo au fizi zikitoka damu, mpeleke hospitali haraka hata kama homa imeshuka, maana hatari huja hasa wakati huo. Na mchana alale ndani ya chandarua: mbu huyu huuma mchana, na akimuuma mgonjwa huweza kuupeleka ugonjwa chumba cha pili.