Amefanya nini tena?

Baba yule alisimama mlangoni mwa ofisi akiwa bado na nguo za kazi, na kabla sijamwonyesha kiti akauliza: "Amefanya nini tena?"

Binti yake hakuwa amefanya kosa lolote. Nilimwita nimpe habari njema. Mtoto aliyekuwa akisoma kwa kudonoadonoa silabi tangu mwaka uanze, asubuhi ile alisoma ukurasa mzima mbele ya wenzake bila kukwama. Yule baba alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akakaa. "Mwalimu," akasema, "hii ni mara ya nne naitwa hapa. Zile tatu zote nilikuja kujibu kesi." Alipoinuka kuondoka akaniuliza: "Sasa mimi nyumbani nifanye nini?" Nikamwambia aendelee kumhimiza mtoto. Akaitikia kwa heshima, akaenda zake, na sote wawili tulijua kwamba sikumwambia kitu.

Jioni nilifungua daftari langu la mawasiliano na wazazi. Kila mstari ulikuwa na neno moja kati ya haya: utoro, ugomvi, kuchelewa, michango. Na mimi ndiye niliyekuwa nikilalamika kila muhula kwamba wazazi wa darasa langu hawana mwamko.

Niliacha kufundisha darasani miaka kadhaa iliyopita. Siku hizi kazi yangu ni kukaa na walimu na kupanga nao jinsi shule na nyumbani watakavyosaidiana. Hilo neno "mwamko" nalisikia karibu kila ninapokwenda, na kila nikilisikia nakumbuka lile daftari. Mwalimu akishaamini kwamba mzazi amelala, dawa anayoijua ni kupaza sauti: barua kali, kikao cha lazima, hotuba juu ya wajibu wa mzazi. Wanaoisikia hotuba hiyo ni wale waliokuja, yaani wasioihitaji.

Wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Marekani, Kathleen Hoover-Dempsey na Howard Sandler, walianza katikati ya miaka ya 1990 kueleza kwa nini mzazi mmoja hujihusisha na masomo ya mwanawe na mwingine hukaa pembeni. Ukiyaweka maelezo yao kwa lugha ya nyumbani, mzazi hujiuliza mambo matatu, hata kama hayatamki. Hii ni kazi yangu au ya mwalimu? Nikijaribu, nitaweza? Na je, nimekaribishwa? Baadaye waliongeza jambo ambalo kila mzazi analijua: muda na nguvu zinazobaki baada ya kazi.

Swali la kwanza ndilo tunalolisoma vibaya kuliko yote. Mzazi anayesema "nimekuletea mtoto, mwalimu, mengine ni yenu" anaonekana kama aliyemtupa mtoto. Mara nyingi anatoa heshima. Kwa maoni yake, kuingilia ufundishaji ni sawa na kumshika daktari mkono akiwa anadunga sindano. Ukimkaripia mtu anayekuheshimu kwa kukaa kimya, ataongeza ukimya.

Swali la pili linauma zaidi, kwa sababu linagusa aibu. Kuna wazazi ambao shule iliwatoa wakilia. Harufu ya chaki tu inawarudisha huko. Wengine wanajua kusoma lakini hesabu za darasa la mwanao siku hizi zinafanywa kwa njia wasiyoitambua, na mtoto mwenyewe anawaambia, "Mwalimu hafanyi hivyo." Ukimwandikia mzazi wa namna hii "tafadhali msaidie mtoto kazi za nyumbani," umempa mtihani.

Tena mtihani wenyewe huenda usimsaidie mtoto. Mwaka 2009 Nancy Hill na Diana Tyson walikusanya tafiti 50 juu ya wanafunzi wanaoingia umri wa kubalehe, wakapima ni ushiriki gani wa mzazi unaoambatana na kufanya vizuri darasani. Kusaidia kazi za nyumbani ndiko kulikoachwa nyuma, hakukuonyesha faida. Kilichoongoza ni mzazi kuzungumza na mtoto: anategemea nini kutoka kwake, masomo haya yana maana gani, yanaunganaje na kile anachotaka kuwa. Kabla yao, mwaka 2001, Xitao Fan na Michael Chen nao walikuta kwamba matarajio ya mzazi yana uzito kuliko usimamizi wake wa nyumbani. Hapa niweke tahadhari ya kitaalamu: wazazi wengi huanza kukaa na mtoto kwenye kazi za nyumbani baada ya kuona anashuka, kwa hiyo takwimu zitaonyesha msaada na kufeli vimekaa pamoja hata kama msaada haukusababisha kufeli. Hata hivyo, nikipima kwa niliyoyaona mwenyewe, mzazi anayeshika penseli na kumaliza hesabu ya mwanawe amemfundisha jambo moja tu, kwamba hesabu ikishinda kuna mtu atakuja kuimaliza.

Kwenye hisabati kuna hatari nyingine. Erin Maloney na wenzake walichapisha mwaka 2015 utafiti wa watoto wa darasa la kwanza na la pili. Mzazi mwenye hofu ya hisabati alipomsaidia mtoto kazi za nyumbani mara kwa mara, mtoto alijifunza machache kuliko wenzake mwaka ule na akamaliza naye akiwa na hofu. Mzazi mwenye hofu ileile ambaye hakusaidia mara kwa mara, hofu yake haikumfikia mtoto. Kumbe mtoto hujifunza pia ule mguno unaotoka mzazi anapoona hesabu za sehemu. Kama nawe hisabati ilikutesa, usimwambie mtoto "hata mimi sikuziweza" ukidhani unamfariji. Unampa ruhusa ya kuacha.

Basi mzazi afanye nini? Nitaeleza nilichokiona kwa mama mmoja asiyejua kusoma kabisa.

Nilimtembelea nyumbani kwa sababu kijana wake wa darasa la tatu alikuwa na ufahamu wa kusoma uliowapita wenzake, nami nilitaka kujua nani anamfundisha. Nilimkuta mama anakunja nguo, mtoto amekaa karibu naye anamsomea hadithi kwa sauti. Mara mama akasimamisha mkono. "Ngoja. Umesema mlango umefungwa kwa ndani. Sasa huyu ameingiaje?" Mtoto akarudi juu, akapitisha kidole, akacheka: alikuwa ameruka mstari mzima, ule wa dirisha. Mama hakuwa amesoma herufi hata moja. Alikuwa anafuata maana, na maana ilipokatika akauliza.

Watafiti wa usomaji wa watoto wadogo, Grover Whitehurst akiwa mmojawapo tangu mwaka 1988, wamekuwa wakionyesha kwamba mtoto anayeulizwa maswali wakati wa kusoma hukua kilugha kuliko anayesomewa tu akanyamaza. Mama yule alikuwa akiifanya kazi hiyo huku akikunja mashati. Na alipoulizwa na shule kama anamsaidia mtoto masomo, alijibu hapana. Kwake "kusaidia" ni kujua majibu.

Kwa hiyo siku hizi nawaambia wazazi waache lile swali la "leo mmejifunza nini?", ambalo jibu lake ni "hakuna" tangu shule zianze. Muulize mtoto: nionyeshe pahali palipokushinda leo. Au: nifundishe mimi hilo, polepole. Mtoto anayemfundisha mtu mzima hawezi kujificha. Asipoelewa utamsikia akianza kuzungukazunguka, na huhitaji kujua somo ili kumsikia mtu anayezunguka. Ukimsikia hivyo, usimsahihishe. Mwambie aweke alama pale kwenye daftari, kesho akamuulize mwalimu.

Nikirudi kwa walimu wenzangu, swali la tatu, lile la kukaribishwa, liko mikononi mwetu. Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins aliainisha ushiriki wa wazazi katika aina sita: malezi, mawasiliano, kujitolea, kujifunza nyumbani, kushiriki maamuzi, na ushirikiano na jamii. Shule nyingi nilizoingia zinahesabu moja tu, kuja kikaoni, kisha zinaipima kwa karatasi ya mahudhurio. Mama wa yule mtoto wa mlango uliofungwa hakuwahi kutia saini karatasi hiyo.

Mawasiliano yetu yenyewe ni ya kijumlajumla. Angalia ujumbe huu, ambao nimeuona kwa maneno karibu hayohayo mara nyingi: "Mwanao ana tatizo la hesabu. Tafadhali mfuatilie." Amfuatilie wapi? Linganisha na huu: "Wiki hii tunagawanya kwa namba yenye tarakimu mbili. Hatua ya kwanza anaipata, ila anasahau kushusha namba inayofuata. Mwambie afanye hesabu moja huku akikusimulia kila hatua. Dakika kumi zinatosha." Mzazi wa pili amepewa kazi yenye mwanzo na mwisho, na haimdai ajue kugawanya.

Kwamba ujumbe wa namna hii unafanya kazi, limepimwa. Peter Bergman alifanya jaribio Los Angeles ambamo wazazi wa wanafunzi wa sekondari walitumiwa ujumbe wa kutaja kazi hasa ambazo mtoto hakuzikabidhi. Alama zikapanda. Nililopenda zaidi ni sababu yake: wazazi walidhani watoto wao wanajituma kuliko hali halisi. Walikuwa macho siku zote, ila hakuna aliyewaambia. Matthew Kraft na Todd Rogers nao, mwaka 2015, walieleza jaribio la ujumbe wa sentensi moja kwa wiki kwa wazazi wa wanafunzi waliokuwa wakirudia masomo wakati wa likizo. Wanafunzi walioshindwa kulipata somo walipungua kwa takribani asilimia 41. Na ujumbe uliotaja cha kurekebisha ulielekea kuzaa matunda kuliko uliosifu tu. Hilo lilinisahihisha mimi pia, kwa sababu baada ya kisa cha yule baba nilipitisha muhula mzima nikituma sifa tupu. Sifa ilifungua mlango, kisha nikawa sina la kusema ndani.

Mambo mengine madogo niyapitie haraka. Usisome alama za watoto mbele ya kikao cha wazazi. Wa mtoto wa mwisho hatarudi. Mpe mtoto mwenyewe nafasi ya kumwonyesha mzazi kazi zake kwa dakika tano, maana mzazi anayepuuza wito wa mwalimu ni nadra kupuuza wito wa mwanawe. Kwa wanafunzi wakubwa usiwalazimishe wazazi kuja darasani, kijana atakufa kwa aibu. Mazungumzo ya nyumbani juu ya anakokwenda yanatosha. Na kabla hujaandika "Ndugu mzazi", muulize mtoto, "Nyumbani nani hukuuliza habari za shule?" Nimejibiwa bibi, shangazi, kaka mkubwa, na mara moja jirani. Barua yako inatakiwa imfikie huyo.

Yule baba sikukutana naye tena. Binti yake alihamia shule nyingine mwaka uliofuata. Lakini swali lake nimelijibu kichwani mara nyingi tangu siku ile. Ningemwambia: "Leo usiku akusomee ukurasa uleule aliousoma darasani. Usimsahihishe maneno. Akimaliza, funga kitabu, mwambie akusimulie kilichotokea, halafu muulize jambo moja ambalo wewe mwenyewe hukulielewa. Kesho kutwa nitakutumia ujumbe niseme tumefika ukurasa gani."

Pengine angevaa kofia yake na kuuliza, "Basi ndiyo hivyo tu?"

Ndiyo hivyo tu, baba. Na kesho kutwa ujumbe ningeutuma.