Ngoro bila ntambo ni mashimo tu

Ukisimama barabarani kule Mbinga, kusini mwa Tanzania, mwezi wa Aprili, ukatazama mlima wa ng'ambo, utadhani umetandikwa wavu. Ni miraba kwa miraba, kila mmoja una shimo katikati na matuta pande zote nne, na juu ya matuta maharage yamejaa. Hizo ndizo ngoro za Wamatengo, wakulima wa milima hiyo. Mimi ni mtu wa udongo, na katika miaka yangu ya kazi sijaona njia ya kulima mlimani inayonipa heshima kama hii.

Wengi huona shimo wakadhani wameona ngoro. Ngoro huanza na majani. Mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado zipo, wanaume hufyeka nyasi za shamba lililopumzika, wakazilaza kwa mistari inayokatizana, miraba ya kama mita moja na nusu hadi mbili. Kisha wanawake huingia na majembe, wakachimba udongo wa katikati na kufunika yale majani. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo. Yakishavunwa shamba hukaa, na mvua za Novemba na Desemba zikija, mahindi hupandwa palepale. Baada ya hapo huachwa nyasi ziote, ngoro zitengenezwe upya.

Nilikata tuta moja kwa panga mwezi wa Juni. Juu palikuwa na udongo mwekundu wa kawaida. Sentimita chache chini, majani yalikuwa yamegeuka kahawia, yakimeguka vidoleni, na chini yake tabaka jeusi lenye unyevu, mizizi ya maharage imejazana humo na minyoo inapita. Ndani ya shimo kulikuwa na tope laini lililokauka na kupasuka. Tope hilo ni udongo wa juu ambao mvua ilikuwa imeuchukua. Mteremko mtupu ungeupeleka mtoni. Hapa uliteleza hatua moja tu ukatua.

Piga hesabu uone uzito wake. Milimita moja ya udongo ikiondoka kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10, yaani tani 12 hivi. Unene wa milimita moja huwezi kuuona kwa macho, lakini udongo wake hauenei kwenye lori la tani 10. Na huko mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka.

Kwa kuvutiwa hivyo, niliwahi kushiriki kuanzisha shamba darasa la ngoro kwenye wilaya nyingine yenye milima. Tulipima miraba vizuri, tukachimba. Nyasi zilikuwa zinatusumbua, vijana wakazichoma. Mama mmoja wa Kimatengo aliyekuja kutufundisha alizunguka shamba kimya, halafu akaniuliza, "Mwanangu, majani mmeyapeleka wapi?" Mvua kubwa ya tatu ikabomoa matuta, mashimo yakafumuana moja hadi jingine, na katikati ya shamba pakabaki korongo. Korongo lile lilinisumbua kwa muda mrefu.

Lakini jibu la swali lake halikuwa shambani peke yake. Nyasi za kutosha hupatikana pale tu shamba linapopata nafasi ya kupumzika, na shamba hupumzika ikiwa familia ina mahali pengine pa kupata chakula na fedha. Wamatengo walilipanga hilo katika ntambo: kilima kimoja kati ya vijito viwili, mali ya ukoo mmoja. Juu kabisa msitu wa kuni unaoshika maji, chini yake ngoro, kisha nyumba zilizozungukwa na kahawa, na bondeni vinyungu, yaani bustani za mboga za kiangazi. Kahawa ndiyo iliyonunua mbolea ya mahindi. Miaka ya 1990, bei ilipoanguka na mbolea ya mkopo kukosekana, wengi walifungua mashamba mapya porini.

Sasa vijiji vinapanga matumizi ya ardhi kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ile ya mipango ya 2007. Ni kazi njema na naiunga mkono. Ila nimeona ramani zinazochora kanda pana, msitu huku, kilimo kule, na mstari ukakata ntambo katikati. Ukoo mmoja unabaki na mteremko bila msitu wake wa juu. Tena sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye maji ziachwe, na vinyungu vingi vimo humohumo. Kamati ya kijiji ikilikwepa jambo hili, ramani itabaki ofisini na watu watalima usiku.

Kwa hiyo siku hizi sianzi na kifaa cha kuchukua sampuli. Naomba mzee wa ukoo anipeleke kileleni, tunashuka pamoja hadi kijitoni, ananionyesha mpaka wa kila kitu na nani anakitumia. Na safari hiyo naipanga mwezi wa Septemba, ili nione kijito kina maji kiasi gani kabla mvua hazijaja.