Ukisoma vitabu vya wageni wa Paris, unamsoma nani?

Wengi husoma vitabu vya wageni walioishi Ufaransa wakiamini wanawasoma Wafaransa. Mara nyingi sivyo: wanamsoma mgeni na wageni wenzake. Chukua A Moveable Feast, kitabu cha kumbukumbu cha mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway, kilichotoka 1964. Ni Paris ya miaka ya 1920, lakini waliotamalaki humo ni kina Gertrude Stein, Ezra Pound na Scott Fitzgerald, waandishi wa Kimarekani wote watatu. Mfaransa zaidi utamkuta akihudumu mkahawani.

James Baldwin, naye mwandishi Mmarekani, ni habari nyingine, na mimi ningeanza naye. Alifika Paris 1948, na mwaka uliofuata akatiwa ndani kisa shuka la hoteli, ambalo mwenzake alilichukua kwingine akamwazima. Katika insha yake "Equal in Paris" unakutana ana kwa ana na polisi, mahabusu na mahakama ya Kifaransa.