Weber hakusema dini ndiyo ilizaa ubepari, jamani

Kila rundo la mitihani ya nadharia za sosholojia ninalosahihisha lina sentensi hii: Marx alisema uchumi ndio unaendesha jamii, Weber akampinga akasema ni dini. Nukta, mtu anahamia kwa Durkheim, mwanzilishi wa tatu wa sosholojia baada ya hao wawili, kamaliza kazi. Juzi nimeikuta kwenye slaidi za mhadhiri kabisa, basi hapo uvumilivu ukaniishia.

Kwanza, Marx kafariki 1883, Weber ana miaka 18. Zile insha za Weber za maadili ya Kiprotestanti na roho ya ubepari zimetoka 1904 na 1905, kwa hiyo anaobishana nao hapo ni zaidi wale waliokuja baada ya Marx wakafanya kila kitu kuwa kivuli cha uchumi. Na ukivumilia mpaka ukurasa wa mwisho (wachache sana wanafika) anasema wazi kwamba hana nia ya kuondoa maelezo ya upande mmoja ya mali halafu aweke mengine ya upande mmoja ya roho. Kaandika mwenyewe, simtetei mimi.

Sasa alisema nini? Tamaa ya pesa kwake sio habari mpya, maharamia walikuwa nayo, wafanyabiashara wa Uchina ya kale walikuwa nayo. Kinachomshangaza ni mtu anayechuma halafu hatumbui, faida anairudisha kwenye biashara, na anaona asipofanya hivyo ametenda dhambi. Huyu katoka wapi? Ndio anaingia Calvin, kiongozi wa Waprotestanti wa karne ya 16: Mungu ameshaamua tangu mwanzo nani ataokoka, padri hasaidii, sadaka haisaidii, matendo mema hayabadilishi kitu. Muumini atajuaje kama yumo? Wachungaji waliokuja baadaye, na sio Calvin mwenyewe, hili watu wanaliruka kila siku, wakawa wanashauri chapa kazi, usipoteze muda, ukijitilia shaka ujue imani yako ni haba. Kazi hainunui wokovu, inakutuliza roho tu. Yaani hakuna aliyehubiri utajiri wala aliyepanga kujenga ubepari, ni matokeo ambayo hakuna mtu aliyakusudia, na hiyo ndiyo hoja yenyewe! Anayeandika "Waprotestanti walipenda pesa" kaigeuza kichwa chini miguu juu. Tena kwenye mihadhara yake ya mwisho, 1919 na 1920, ukitafuta sababu za ubepari unakuta uhasibu, sheria inayotabirika, vibarua huru, masoko, teknolojia, dini ni mmoja tu kwenye foleni.

Je, alikuwa sahihi? Vitabu vya utangulizi hapa vinakuwa bubu. Ushahidi wa ile hofu ya wokovu ni maandishi ya wachungaji kama Richard Baxter, na ushauri wa mchungaji haukwambii muumini wa kawaida alikuwa anawaza nini akilala. Takwimu za Wakatoliki na Waprotestanti wa Baden, jimbo la Ujerumani, ambazo Weber alizitoa kwa mwanafunzi wake Offenbacher, zina makosa. Halafu 2009 wanauchumi Becker na Woessmann wakachukua takwimu za Prussia, dola la Kijerumani, za karne ya 19 wakaonesha kwamba Waprotestanti kuwa na hali nzuri kunaweza kuelezwa na kujua kusoma na kuandika, maana walihimizwa wajisomee Biblia wenyewe. Mimi ile sehemu ya matokeo yasiyokusudiwa naikubali, ya hofu kuna siku naikubali na kuna siku siikubali, na darasani nawaambia hivyohivyo.

Huu mchezo wa kupanga watu kwenye kambi nao una historia yake. Parsons, mwanasosholojia Mmarekani aliyemtafsiri Weber kwa Kiingereza 1930, alitoa kitabu chake kikubwa 1937 na Marx kapewa nafasi finyu sana, baadaye ndio akarudishwa kwenye meza ya wakubwa. Du Bois, mwanasosholojia mweusi wa Marekani, alifanya utafiti wa nguvu kuhusu watu weusi wa Philadelphia, ukatoka 1899, na jarida la Weber mwenyewe likachapa makala yake 1906, lakini kwenye silabasi nyingi kaachwa nje miaka na miaka.

Na ukizoea kambi, kwa wanasosholojia wa karibuni lazima ukwame. Bourdieu, Mfaransa, tabaka kalitoa kwa Marx, hadhi kwa Weber, uainishaji kwa Durkheim, kachanganya vyote kutwambia kwa nini hata muziki unaoupenda una harufu ya tabaka lako, halafu swali la mtihani linauliza ni wa kambi ya mgogoro (jamii ni mvutano wa makundi) au ya uamilifu (kila sehemu ya jamii ina kazi yake). Hilo swali mimi nimelifuta.