Msitu Ukilala, Wambuti Huimba

Kabla Wambuti hawajatoka kambini kwenda kuwinda, huwashwa moto chini ya mti ulio kando ya njia. Si moto wa kuota wala wa kupikia. Wawindaji hupita hapo na nyavu zao mabegani, moshi ukipanda matawini, kisha huzama msituni. Nimefundisha dini za jadi kwa miaka mingi, na kila nikitakiwa kueleza imani ya watu hawa wa Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, huanzia kwenye moto huo. Huwashwa kwa heshima ya msitu.

Msitu wanauita baba, na wanauita mama pia. Colin Turnbull, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi nao karibu na mto Epulu miaka ya 1950, alielezwa sababu kwa maneno mepesi: unawapa chakula, mavazi, makazi na joto, kama mzazi yeyote.

Linalonigusa zaidi ni molimo, ibada yao ya kuuamsha msitu. Akifa mtu mzito, au mawindo yakikosekana siku nyingi, Wambuti hawaulizi nani karoga. Husema msitu umelala, ndiyo maana haukuwaangalia wanawe. Basi huuamsha, tena kwa wimbo, ili uamke na furaha. Vijana hupita kila kibanda kukusanya kuni na chakula, na wanaume huimba kuzunguka moto usiku baada ya usiku, pengine mwezi mzima. Kutoka gizani hujibu baragumu refu, mara likinguruma kama chui, mara likilia kama mtu. Mchana hufichwa msituni. Likiletwa, hunyweshwa maji ya kijito. Turnbull alitarajia kuona chombo kilichonakshiwa, akakuta bomba la chuma. Wenyewe hawakuona kasoro: kinachouamsha msitu ni sauti.

Wanawake na watoto hujifungia vibandani. Hata hivyo, masimulizi yao yanasema zamani molimo ilikuwa mali ya wanawake. Usiku mmoja bibi kizee hutokea, akacheza hadi motoni na kutawanya makaa kwa miguu, wanaume wakikimbilia kuyarudisha. Kisha huwafunga kamba shingoni, mmoja mmoja. Wimbo unakatika. Hawaimbi tena mpaka wamtoe zawadi, awafungue.

Ndiyo maana naumia nikisikia mtu anajisifu kwamba amewatoa msituni akawajengea nyumba barabarani, tena akiwaita mbilikimo, neno tunalolitumia pia kwa viumbe wa hadithini. Sehemu ya msitu huo imekuwa Hifadhi ya Okapi tangu 1992, lakini wachimba dhahabu wameingia na vita vimepita humo. Mwaka 2022 Kongo ilipitisha sheria ya kulinda haki za watu hawa, pamoja na haki ya ardhi ya mababu. Ofisa atakapofika kupima mipaka, ningependa aulize kwanza moto huwashwa chini ya mti upi.